Nyuzi za Fundi Shaabani

Watu wa Bujumbura siku hizi wanalipanda ua lile mbele ya nyumba zao na kulisifia kwa wageni. Ni jeupe, na koo lake ni jekundu lililoiva. Linachanua Julai, wakati kila kitu kimekauka, na likifunguka asubuhi halifungi jioni kama hibiskusi nyingine, linangoja mpaka kesho yake. Waulize limetoka wapi. Watakwambia limetoka Ulaya, au kwa masista, au kwamba lilikuwepo tu tangu zamani. Hakuna anayesema kwamba kwa ajili yake mtu alikaribia kuuawa, mchana kweupe, mbele ya majirani waliomjua vizuri.

Mtu huyo ni Shaabani, fundi wa viti vya magari, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi kama baba yake. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa gereji moja, na hapo alishona viti vya mabasi ya Gatumba na vya magari ya wakubwa wa Rohero. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na ukaidi mmoja tu: hakukivumilia kiangazi. Joto halikumsumbua. Lililomuudhi ni vumbi, na ile rangi moja ya majivu iliyofunika mtaa mzima kuanzia Juni hadi mvua ziliporudi. Mkewe Asiya alisema mumewe na mwezi wa Julai wanagombana kama mke na mke mwenza.

Hibiskusi ndiyo miti ya uzio kwetu Buyenzi. Ua lake lina ulimi mrefu wenye vumbi la njano, yaani chavua, na mwenye kuchukua chavua ya ua moja na kuipaka kwenye ncha ya ulimi wa jingine hupata mbegu chotara. Nyuki hufanya hivyo bila mpango. Shaabani alifanya kwa mpango, kwa unyoya wa kuku, kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, kwa sababu ua la hibiskusi halingoji mtu. Akishapaka, alifunga uzi wa nailoni, ule wa kushonea viti, kwenye kikonyo cha ua hilo. Uzi mwekundu ulimaanisha chavua ya mti wake mwenyewe. Mweupe ulimaanisha chavua ya ule mti wa njano wa kwa masista. Bila uzi, fundi hawezi kujua mbegu ipi ni mtoto wa nani.

Baada ya miaka mingi ya kupanda na kung'oa, alipata mche uliochanua katikati ya ukame. Lakini mizizi yake ilikuwa dhaifu. Upepo kidogo tu uliulaza. Basi mwaka wa 1995 aliamua kuipeleka chavua ya mche huo kwenye miti yenye nguvu ya majirani. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba ruhusa. Wote walikubali, wengine wakicheka. Herménégilde, karani wa wizara aliyekaa ng'ambo ya njia, alikuwa akisimama kwenye uzio wake na kikombe cha chai mkononi, akimtania kila asubuhi: "Fundi, leo umemwoza nani?"

"Nimemwoza wa kwako," Shaabani alimjibu, "na karamu hujaalikwa."

Kwa hiyo Herménégilde alijua. Nataka msomaji alishike hilo.

Mwaka ule mji ulikuwa unajigawa mtaa kwa mtaa, Wahutu huku, Watutsi kule. Jirani zetu walikuwa wanahama na magodoro vichwani. Katika mtaa mmoja usio mbali, nyumba kadhaa zilikutwa na alama za chaki milangoni, na siku chache baadaye waliokaa humo wakashambuliwa. Hofu, basi, ilikuwa na sababu. Uvivu wa kutazama ndio usiokuwa na sababu.

Jumamosi moja, Bonfils, aliyekuwa mkuu wa rondo, yaani walinzi wa zamu wa mtaa, aliambiwa kwamba kuna mtu huonekana anainama kwenye miti ya watu kila alfajiri, mara tu baada ya saa za kutotoka nje usiku kuisha. Alikwenda na wenzake, wakakuta nyuzi. Nyekundu kwa huyu, nyeupe kwa yule. Hawakuuliza. Waling'oa nyuzi pamoja na mbegu zake, wakazitia katika gunia, wakamtoa Shaabani kibandani mpaka kwenye uwanja wa gereji. Watu wakajaa.

"Fundi, hii nyekundu ni ya nani?" Bonfils aliuliza. "Na nyeupe ni ya nani? Moja ya Wahutu, ingine ya Watutsi, ama vipi?"

Shaabani alieleza, polepole, kama nilivyoeleza hapa. Akaeleza unyoya, akaeleza chavua, akaeleza kiangazi. Watu wakacheka kicheko kibaya.

"Watu wanakufa, na mutu muzima anaozesha maua," alisema mmoja. "We unatuona watoto?"

Mwingine akasema apelekwe mutoni. Kila aliyekuwepo alijua maana yake: waliopelekwa mto Ntahangwa miezi ile hawakurudi kusimulia.

Shaabani akamtafuta Herménégilde kwa macho, akamwona. "Muulizeni huyu," alisema. "Kila asubuhi ananiona. Sema, ndugu yangu."

Herménégilde alitazama viatu vyake. Kisha akasema, kwa sauti ya ofisini, "Mi asubuhi naenda kazi. Mambo ya nyuzi siyajui."

Wako wanaomtetea mpaka leo. Wanasema alikuwa na watoto, kwamba kumtetea mtu siku zile ilikuwa kujiunga naye. Ninawajibu kwamba Shaabani naye alikuwa na watoto. Wanasema kila mtu alinyamaza. Ndiyo, kila mtu alinyamaza: wenye gereji waliokaa kwenye viti alivyowashonea, wenye uzio waliompa ruhusa kwa vinywa vyao wenyewe, watu waliosali naye alfajiri ile ile. Kunyamaza kwa wengi hakumtakasi hata mmoja wao. Wauaji wa nchi hii hawakuwa wengi kiasi hicho. Walioinamisha vichwa ndio waliokuwa wengi.

Aliyesema ni Dative, mke wa Herménégilde. Alipita katikati ya watu na mikono yake bado ina unga wa mihogo.

"Bonfils, ile nyekundu ya kwetu nimeifunga mi."

Alieleza kwamba Shaabani alipolala na malaria, Asiya alimletea yeye unyoya na uzi, akamwomba amsaidie ili siku isipite bure. Naye alipaka, akafunga.

"Kama ni alama ya kuuawa, basi nimejiwekea mwenyewe, mi na watoto wangu. Mutanipeleka mutoni na mi?"

"Mama Elvire, rudi nyumbani," Bonfils alisema.

"Sirudi. Kwa mama yako mumetazama? Ama uzio wa kwenu haukuonekana?"

Kwao Bonfils hawakuwa wamepita. Walikwenda, na kundi lote likawafuata. Kwenye mti wa mama yake walikuta uzi mwekundu na mweupe kwenye tawi moja. Mama mwenyewe alitoka akauliza nani anamchezea mbegu za fundi.

Watu wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyesema samahani. Gunia liliachwa chini.

Shaabani na Asiya walizichambua mbegu uwanjani pale pale. Nyingi zilikuwa bado za kijani, hazifai kitu. Chache zilikuwa zimeanza kukauka, lakini nyuzi zilikuwa zimechomoka na kuchanganyika, na hakuna aliyeweza kujua tena ipi ilitoka mti upi. Walizipanda zote katika makopo ya mafuta ya kula. Kiangazi kilichofuata, mche mmoja ulisimama na mizizi kama ya muhogo, ukachanua Julai nzima. Ndio huo mnaousifia.

Salamu ya Herménégilde Shaabani aliijibu, kwani dini yake inamtaka. Chai aliyokuwa akikaribishwa pale uzioni hakuinywa tena.

Miaka ilipita, na mwaka wa 2001 uliitishwa mkutano wa majirani wa kupatanisha mtaa. Herménégilde, sasa mjumbe wa kamati, alisimama na karatasi akapendekeza ua la Shaabani lipandwe mbele ya ofisi ya mtaa na liitwe Amani. Watu wakapiga makofi. Bonfils alipiga pia.

Shaabani alingoja makofi yaishe. "Lina jina," alisema. "Linaitwa Dative."

Herménégilde alicheka kidogo, akasema mke wake ataona haya jina lake kuandikwa barabarani.

"Siku ile hakuona haya," Shaabani alisema. "Hiyo Amani yako mi sikuisikia ikisema kitu. Mukitaka mche, mutaupanda kwa jina lake. Mukiona vibaya, pandeni mingine."

Akakaa. Nyuma kabisa, Dative alikuwa amejifunika uso kwa kanga yake, na mama yake Bonfils amemshika mkono. Mwenyekiti akaangalia kamati, kamati ikaangalia chini kama ilivyozoea. Mwishowe akasema haya, andikeni Dative, na mkutano ukaendelea na habari za mitaro.