Chandarua Mbele ya Rejeta

Kabla sijajua kompyuta ina nini tumboni, nilijua lori lina nini. Baba yangu aliendesha malori tangu sijazaliwa, kwanza ya pamba, baadaye ya mzigo wowote uliotoka Mwanza kwenda Dar. Nikiwa darasa la tatu ningeweza kukutajia kila kitu kilicho chini ya boneti, ila safari sikuwahi kupanda hata moja. Kila likizo niliomba niwe utingo wake, nipime maji ya rejeta, niweke jiwe nyuma ya tairi tukisimama mlimani. Kila likizo alijibu yale yale, kwamba lori si mahali pa mtoto wa kike. Kaka zangu walipanda, wakarudi na vumbi la Singida masikioni na hadithi ambazo nusu yake ilikuwa uongo. Mimi nilinuna, na kusema kweli sikuacha kununa hata nilipokuwa mtu mzima mwenye nyumba yangu.

Nyumba yenyewe ipo Bwiru, juu ya mawe, dirisha la sebule linatazama ziwa. Baba alihamia kwangu baada ya kupata kiharusi. Mdomo ulirudi sawasawa, mkono ukarudi, lakini mguu wa kushoto ulibaki mzito, na mguu wa kushoto ndio wa klachi. Leseni yake akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka chini ya godoro. Muuguzi alimwambia atembeetembee, aende hata kwa jirani. Baba akamuuliza, "Nikafanye nini kwa jirani?" Basi akawa wa kiti tu, asubuhi mpaka jioni, anautazama ukuta, halalamiki, hagombi. Mtu ninayemjua mimi alikuwa akigombana hata na redio. Ule ukimya uliniogopesha kuliko kiharusi chenyewe.

Mimi nafanya kazi stoo, kwenye kiwanda cha maboksi huko Nyakato. Siku moja wakati wa chai mwenzangu alinionyesha video kwenye simu: mtu amekaa chumbani kwake, ameshika usukani uliofungwa mezani, anaendesha lori kwenye kioo cha kompyuta. Mvua inanyesha, waipa zinafuta, gia zinabadilika. Nikamuuliza kama ni lazima kukanyaga klachi. Akasema hapana, unauambia tu mchezo ujibadilishie gia wenyewe. Nikarudi stoo bila kumaliza chai.

Jioni ile nikamwambia baba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Gari la kwenye kioo," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nitajaribu mara moja, mama, kwa sababu wewe ndiye umeomba. Likigoma, usinisumbue tena na habari za kuendesha."

Nilikubali. Baba akisema mara moja ni mara moja, na nilijua kwamba hiyo mara moja ikiharibika nitakuwa nimemrudisha kwenye ukuta wake kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikaanza kutafuta. Kompyuta mpya ya michezo nilipoulizia bei yake nilicheka peke yangu dukani, nikaaga. Kumbe unaweza kuijenga kipande kwa kipande, vingine vipya, vingine vilivyokwisha kutumika. Hapo ugonjwa wangu wa kutaka kujua ukapata chakula. Nilijifunza kwamba prosesa ndiyo inayofikiri, kadi ya grafiki ndiyo inayochora barabara na miti, na pawa saplai ndiyo inayowalisha wote. Nilijifunza kwamba hivi vitu havipendani ovyo. Bodi hii inaikataa prosesa ile, kadi nyingine ni ndefu mno haiingii kwenye kesi. Nilikuwa nasoma kwenye simu huku nachambua mchele, mpaka siku moja tukala mawe.

Palipokuwa pagumu nilimuuliza baba, bila kumwambia nauliza nini.

"Baba, ukifunga vitu vingi vinavyokula umeme kwenye gari lenye betri ndogo, inakuwaje?"

"Litakuzimikia njiani."

"Na kama una hela ya kununua kitu kimoja tu kipya, injini au breki?"

"Breki. Injini ikifa, utasimama. Breki zikifa, husimami." Akanigeukia. "Unanunua gari?"

Nikasema hapana, akarudi kwenye ukuta wake. Lakini mimi nilishapata jibu langu. Kadi ingekuwa ya kiasi, isiyo mlafi. Kila kitu kingeweza kuwa cha mtumba isipokuwa pawa saplai. Hiyo ningeinunua mpya, hata kama kwa kufanya hivyo ningejinyima kitu kingine.

Duka nililolichagua lipo mjini, upande wa Mirongo. Mwenyewe ni mama wa Kihindi, mtu mzima, ambaye familia yake iliuza spea za redio tangu enzi za mkwewe na sasa inauza za kompyuta. Analehemu mwenyewe, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwadila."

Kisukuma chake ni kizuri kuliko changu, jambo ambalo linaniudhi mpaka leo. Aliniwekea mezani kadi tatu zilizotumika, akaniambia ninuse. Nilidhani ananitania. Kumbe kadi iliyowahi kuungua huwa haiachi harufu, na ya pili kweli ilinuka plastiki iliyobabuka. Ya kwanza feni yake ilikuwa inalia. Ya tatu akaichomeka kwenye mashine yake, akaiacha ichore huku nikiitazama. Nilimuuliza maswali siku tatu mfululizo nikitoka kazini, na siku ya tatu aliniletea stuli bila kuombwa.

Ikabaki kesi. Zilikuwa mbili, bei sawa. Moja nyeusi, mbaya kama debe la mafuta, mdomoni mwa feni ina kichujio cha wavu. Ya pili ina ubavu wa kioo, na mbele feni tatu zinazowaka nyekundu, bluu na kijani. Ukitaka kujua nilivyozaliwa, mimi ni mtu wa vitu vinavyowaka.

"Itakaa wapi?" mama akauliza.

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Mimi niliyemsumbua siku tatu nilichoka kwa maswali mawili. "Sebuleni tu, mama. Nifungie ile ya kioo."

Akaitazama ile nyeusi, akanitazama mimi, akanifungia ile ya kioo.

Niliiunganisha mwenyewe, skrubu moja moja, na ilipowaka kwa mara ya kwanza nilikaa chini nikaishangaa. Nikaiweka chini ya dirisha la sebule makusudi. Nilikuwa nimesoma kwamba adui wa kompyuta ni joto, nami nina upepo wa ziwa wa bure, kwa nini nisiutumie. Niliona nimewapiga bao hata walioandika.

Wiki ile wadudu wa ziwani wakaja. Anayekaa huku kwetu anawajua. Wingu jeusi linanyanyuka juu ya maji, ungedhani kuna kitu kinaungua kule, kisha upepo unalisukuma nchi kavu. Hawaumi, ila giza likianza wanatafuta taa, na wakiipata wanajaa kwenye ugali, kwenye chai, masikioni. Desturi ya mtaa mzima ni moja: funga madirisha, zima taa, kaa hivyo hivyo mpaka wapite. Nami jioni mbili nilizima kila balbu, kama nilivyofunzwa. Kompyuta niliiacha kwa sababu ilikuwa inapakua ule mchezo, na mchezo ni mkubwa. Dirisha lake nililiacha wazi kidogo, ipate hewa. Asubuhi nilifagia wadudu sakafuni, nikaenda zangu kazini.

Jumamosi alasiri baba akainuka kitini. Kabla ya kukaa mezani alishika fimbo yake, akaizunguka kompyuta upande huu na upande ule, akaigonga kwa kidole, akainama kuangalia waya. Dereva hapandi gari ambalo hajalikagua. Kisha akakaa, akashika usukani wa mtumba niliokuwa nimeufunga mezani. Nikaona mkono wake wa kulia unapanda begani kutafuta mkanda. Haukuwepo. Akaurudisha taratibu, nami nikajifanya sijaona.

Akaondoka. Alitoka yadi kwa mwendo wa kutembea, akatazama vioo, akaingia barabarani. Mdomo wake ulikuwa unamwambia mtu fulani maneno asiyoyatoa. Nilihesabu kona nne. Kwenye ya tano picha ikaanza kurukaruka, feni zikapiga kelele, kioo kikawa cheusi.

Akaachia usukani, akaweka mikono magotini.

"Limegoma," akasema.

Nikaanza kusema subiri baba, ni kitu kidogo, nitarekebisha, maneno ya mtu anayejua kwamba ameshashindwa. Nilijichukia kwa kumpa kile kitu halafu nikamnyang'anya. Baba alikuwa ameinua pua, ananusa.

"Halijafa hilo," akasema. "Limechemsha. Fungua boneti."

Nikafungua ubavu wa kioo. Yale mapezi ya bati yanayopoza prosesa hayakuonekana. Yalikuwa yamefunikwa na wadudu wakavu walioshikana kama blanketi, na kwenye kadi pia, na kwenye feni zote tatu.

"Walipokuja, ulizima taa?"

"Nilizima zote."

"Na za hili?"

Nikaanza kubandua wadudu kwa kucha.

"Kwa hiyo nyumba nzima giza, taa imebaki moja, dirisha liko wazi, na hiyo taa ina feni tatu za kuvuta ndani." Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka, nami sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi hivyo kuchekwa. "Msimu wa wadudu, tukifika Usagara tukiwa tunaingia huku ziwani, tunashuka tunafunga chandarua mbele ya rejeta. Hilo hulijui?"

"Ningelijulia wapi? Hukuwahi kunipandisha."

Lilinitoka kabla sijalizuia. Miaka yote ile nilikuwa nimelificha, na nimekuja kulitoa kwa mgonjwa. Baba aliacha kucheka. Akaomba mswaki wa zamani na mkasi. Chandarua hakuomba. Alishika fimbo akaenda mwenyewe chumbani kwake, nikamsikia anafungua begi, anapekua, anagomba na zipu. Akarudi na chandarua kuukuu begani.

Tulisugua mapezi kwa mswaki mpaka yakang'aa. Baba alipima chandarua kwa viganja mbele ya zile feni tatu, akakikata, akakikunja mara moja tu. Mara mbili, alisema, hewa haitapita. "Shika hapa. Usivute. Nimesema usivute." Alinifokea kama zamani, na kila alipofoka mimi nilipona kidogo. Zile taa akaniamuru nizichomoe. Alitaka kujua ni gari gani linaegeshwa huku limewasha taa za harusi.

Nikaiwasha. Ikanguruma taratibu, haina rangi, mbaya kuliko ile kesi nyeusi niliyoidharau. Baba akakaa, akashika usukani. Mimi nilibaki nimesimama nyuma ya kiti chake, mswaki bado mkononi.

"Maji ya rejeta?" akauliza bila kugeuka.

Nikaweka kiganja mbele ya chandarua. Hewa ilikuwa inapita. "Yapo."

"Matairi?"

"Mazima."

Akanyoosha fimbo, akavuta stuli ya jikoni iliyokuwa karibu kwa ncha yake mpaka ikafika pembeni mwa meza.

"Panda basi, utingo. Tumechelewa."

Nilikaa upande wake wa kushoto, nikamwangalizia kioo, tukatoka getini.