Marashi ya Shangazi Ndani ya Rejeta

Nitawahadithia, lakini msinitazame usoni, maana mpaka leo nikiwaona watu wa ukoo wetu wamesimama pembeni wananong'ona, nahisi wananisema mimi, na mara nyingi huwa kweli.

Mnaikumbuka gari yangu, ile nyeupe iliyokuwa ikikaa chini ya jengo letu Al Khuwair, hapa Maskati. Ilianza tabia ya kupandisha joto. Nikikwama kwenye foleni ya kutoka kazini mshale unapanda, nikipata njia tupu nikaikimbiza unashuka. Mtu mwenye akili angeipeleka gereji siku ileile. Mimi (karani wa wizarani, ambaye mashine pekee ninayoielewa ni ya fotokopi) nikakaa na simu siku mbili naangalia video za mafundi, nikaamua ugonjwa ni thamostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini. Ijumaa asubuhi nikakikong'oa, nikakitupa, nikajaza maji kwenye rejeta, nikauzunguka mtaa mara tatu barabara ikiwa nyeupe na hewa bado ina ubaridi. Mshale haukutikisika. Basi nikajipiga video, mikono imejaa grisi (nyingine nilijipaka mwenyewe), nikaituma kwenye grupu la familia: "Injini nimeitibu mwenyewe, wenye magari mabovu njooni." Nikamwagiwa sifa. Shemeji yangu Khalfan, kaka wa mke wangu, peke yake ndiye aliyeandika: "Feni ya rejeta umeiangalia kama inazunguka?" Sikumjibu. Niliona ana wivu.

Jumatatu alfajiri Shangazi Zuwena akafariki, nyumbani kwake Ruwi. Huyu ndiye dada pekee wa baba yangu, walitoka Unguja pamoja, wawili tu, na mwenyewe hakujaaliwa kuzaa. Wiki ile ya mwisho nilikuwepo alipomshika Baba mkono akamwambia, "Saidi, watu baki wasinitie kaburini. Weye ndo unilaze, na kamba za sanda uzifungue kwa mkono wako." Baba akamwambia inshallah, nakuahidi. Nilisikia kwa masikio yangu.

Ikapangwa maiti asaliwe baada ya adhuhuri na azikwe papo hapo. Mke wangu alishatangulia kwa wanawake, mimi nimebaki na Baba. Khalfan akanipigia simu: "Nakuja kumchukua mzee, twende gari moja." Na mimi, mwanamme mzima, nikafikiria ile video na zile sifa, nikamjibu, "Gari yangu iko tayari, wewe tangulia tu."

Baba akashuka na kanzu yake nyeupe na chupa mbili kubwa za marashi, yale maji ya waridi ya mlimani, aliyoyaweka Shangazi mwenyewe ili anyunyiziwe kaburini. Akazipakata njia nzima.

Hatujafika mbali, mbele kuna ajali, magari yamesimama mpaka macho yanapoishia, adhuhuri ya mwezi wa sita. Mshale ukaanza safari yake. Nikazima kiyoyozi. Ukazidi. Nikakumbuka video moja inasema washa hita, itavuta joto la injini, basi nikawasha hita mpaka mwisho, nikafungua madirisha, nikampikia baba yangu wa miaka sabini na tisa upepo wa moto ndani ya jua la Maskati. Jasho linamtiririka kwenye ndevu. "Nassor," akasema, "gari inaumwa hii." Nikamwambia, "Hapana Baba, inazoea." (Inazoea nini? Mpaka leo sijui nilikuwa nasema nini.)

Moshi ukatoka kwenye boneti. Nikasogea pembeni. Hazikupita dakika mbili akasimama bwana mmoja Muomani, mtu wa makamo, simjui hanijui, akamwona mzee wa watu amekaa kwenye tanuri, akafungua mlango wake: "Tafadhal, ya walid, tafadhal," yaani karibu, mzee wangu, panda. Alikuwa anakwenda njia yetu! Baba alishatoa mguu mmoja nje. Na mimi nikasema, kwa Kiarabu kizuri kabisa, ahsante, Mungu akulipe, hitilafu ndogo tu, dakika tano tunaondoka. Nilimwona Baba ananitazama. Akaurudisha mguu ndani. Yule bwana akaondoka. Wallahi ningekuwa na uwezo wa kuirudisha siku moja katika maisha yangu, ningeurudisha nje mguu ule tu.

Nikachukua taulo nikafungua mfuniko wa rejeta, injini imechemka (hata video za wajinga wenzangu zinakataza), maji yakaruka juu yakaondoka na kofia yangu, mkono ukababuka kuanzia kiganja mpaka kiwiko, na rejeta ikabaki tupu. Simu ikalia. Khalfan: "Mko wapi? Tumeshamsalia, tuko makaburini, tunamsubiri mzee." Nikasema, "Dakika kumi." Tone la maji sina ndani ya gari, nami nasema dakika kumi. Na wao wakaniamini, wakasimama juani na jeneza.

Baba akanitazama, akazitazama zile chupa. Sikumwomba. Nilizichukua mapajani mwake, nikamimina yote, ya kwanza na ya pili, mpaka tone la mwisho. Aligeuza uso akatazama majabali.

Gari ikaenda. Ikaenda kwa kusimama na kupumzika, kila ikipumzika simu inalia, mara ya tatu nikaacha kupokea. Nilipoingia kwenye lango la makaburi watu walikuwa wanatoka. Walisubiri, kumbe, walisubiri sana, mpaka wazee wakasema haijuzu kumweka maiti kwenye jua hili. Gari ikatoa mlio mmoja ikafa palepale langoni, boneti inafuka, na mimi nikashuka kanzu imelowa maji ya kutu, kofia sina.

Baba akapita katikati ya watu mpaka kwenye udongo mbichi. "Nani kamshusha?"

"Mimi, ami," Khalfan akajibu, taratibu, kichwa chini. "Na jirani yake."

"Kamba mlizifungua?"

"Tulizifungua."

"Zote?"

"Zote, ami."

Baba akachutama, akaweka kiganja juu ya udongo. Mzee mmoja akamuuliza yako wapi marashi tumnyunyizie. Baba akasema, "Yalimwagika njiani." Alinisitiri, masikini, lakini ukavuma upepo kutoka langoni, ukaleta harufu ya waridi lililoungua, nzito, makaburi mazima yakanuka, na mmoja baada ya mwingine wakageuka kuitazama gari, kisha wakanitazama mimi. Hakuna aliyecheka. Ningetoa chochote walau mmoja acheke.

Kesho yake gari ikavutwa mpaka gereji. Fundi wa Kihindi hakuuliza maswali, aliingiza vidole kwenye kisanduku cha fyuzi akachomoa ya feni, ndogo kama ukucha, imeungua. Feni ilikuwa haizunguki tangu mwanzo. Thamostati ilikuwa nzima, niliitupa nzima. Injini sasa ndiyo imekufa kweli, na kwenye lile grupu hakuna aliyeitaja video yangu tena, jambo ambalo ni baya kuliko kutajwa. Nilikwenda kuifuta mwenyewe nikakuta haifutiki tena.

Siku ya tatu ya msiba, watu wamepungua, nikakaa chini miguuni kwa Baba na mkono wangu wa bendeji, nikamwambia nisamehe. Nililia, sioni haya kusema. Akanipapasa kichwa kama mtoto mdogo.

"Mie nshakusamehe, mwanangu," akasema. "Ila alonipa amana si weye."

Boneti ya gari sitaigusa tena maishani, na mtu akinambia twende gari moja sijibu neno, nafungua mlango napanda.