Rungu Juu ya Sukari

Magige wa Musoma haonekanagi nje ya geti lake mikono mitupu. Majirani husema hata chooni anaingia na tochi mchana kweupe, na hawajakosea sana. Alikuwa mlinzi mpaka nywele zikageuka rangi, leo ghala la pamba, kesho duka la mabati, na alichotoka nacho kazini, ukiacha magoti mabovu, ni elimu ya kufunga begi. Shule aliishia darasa la nne. Kwenye begi ni profesa, na hata usipomwuliza atakufundisha.

"Silaha usiyoifikia kwa mkono mmoja," husema, "hiyo ni mzigo wa punda."

Asubuhi ya safari ya Kibara alikaa kitandani, begi la mgongoni katikati ya miguu, amechoka kabla hajatoka. Justina, mke wa mwanawe Benjamini, waliyekuwa wakiishi naye nyumba hiyohiyo, alikuwa amerudi Kibara kwa baba yake, Luhende, na mtoto. Ujumbe ulishafika: mzee asipokuja kuongea, ndoa hiyo basi tena. Magige alimwuliza mwanawe kulikoni, kijana akautazama ukuta.

"Nilimfokea tu, baba."

Kufoka. Magige mwenyewe amefoka maisha yake yote na Selestina wake bado yupo, kwa hiyo aliamini.

Akaanza kupanga. Chini kabisa sukari na kitenge cha mama mkwe, maana kizito hukaa chini. Pembeni kichupa cha pilipili ya unga, ya macho ya watu, si ya mboga. Tochi mfuko wa ubavuni. Filimbi shingoni, ndani ya shati. Kisu cha kukunja alikishika, akakirudisha chini ya godoro. Kisu mwizi akikunyang'anya kimeshakuwa chake. Kamba nayo akaikataa, kwa sababu ukiingia kijiji cha watu na kamba, wanaanza kuhesabu ng'ombe zao. Mwisho akainuka, akalitoa rungu kwenye msumari nyuma ya mlango, akaliweka juu ya vyote, mpini umeelekea mkono wa kulia.

Rungu lile lilichongwa kwao Butiama na marehemu baba yake, enzi za kuchunga. Benjamini alikuwa amesimama pale mlangoni. Aliliona likishuka, akameza mate.

Aliyesema ni Selestina. "Baba Benja, unaenda kumwomba mtoto wa watu na rungu?"

"Kutoka stendi mpaka kwa Luhende ni mashamba matupu. Nikipigwa huko utamwomba wewe?"

"Mimi nimesema."

"Wewe ulianzaga kusema siku ya harusi, mama. Nishazoea."

Basi la Bunda lilimkunja magoti, gari la Kibara likayamalizia. Akashuka, akapita kwenye yale mashamba huku mkono ukigusagusa zipu, na mtu pekee aliyemkuta ni mama mmoja mwenye ndoo kichwani, aliyemsalimia kwa heshima zote na kumpa pole ya safari.

Sasa, kwa Luhende, kama kwa watu wengi wa huko, begi la mgeni halikai na mgeni. Akina mama hulipokea, wakalifungua mbele ya wazee, kilicholetwa kionekane na kishukuriwe. Magige anaijua desturi hiyo tangu utoto. Lakini jua lilikuwa limemkausha. Alipewa kiti, akawaachia akina mama begi bila kukumbuka kilicho juu, akafumba macho. Alipoyafumbua, Mama Justina alikuwa amelishika rungu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Luhende, baba mwenye nyumba, alikohoa. "Mkwe, ndiyo sukari ya Musoma siku hizi?"

Watu wakacheka. Magige naye akafungua mdomo acheke, lakini Justina alikuwa anakuja na maji ya kunywa. Alipoliona rungu alirudi nyuma, jagi akaliweka chini, mkono ukaenda mgongoni kumgusa mtoto.

"Ni hilo," alisema.

"Hilo limefanya nini?" baba yake akauliza.

"Ndilo Benjamini aliloninyanyulia. Hakunipiga. Lakini alilinyanyua, na mtoto nilikuwa nimembeba."

Hakuna aliyecheka tena. Magige alimkumbuka Benjamini pale mlangoni na mate yake. Kijana alijua baba anabeba nini, kwa nani, akamwacha aende nalo. Mzee alitamani kulala palepale kwenye kiti asiamke mpaka mwakani.

Aliinuka kwa awamu, goti moja kwanza. Akalichukua rungu mikononi mwa Mama Justina, akaenda kwenye mafiga yenye sufuria ya maharage, akalisukumia motoni. Likagoma. Lilifuka moshi tu, watu wakapikicha macho.

"Mti wa Butiama," Luhende akasema taratibu. "Mbishi kama wenyewe."

"Mbishi," Magige akakubali. Akachuchumaa, akapuliza mpaka pumzi ikamwisha, na mpini ukaanza kushika.

Luhende alisubiri akae. "Sukari tumepokea, mkwe. Lakini binti yangu haondoki na wewe. Benjamini aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake alichofanya. Na asije na begi."

"Atakuja," Magige akasema. Hakuwa na uhakika, na Luhende aliiona sura yake, akaiacha ipite.

Begi la mgeni halirudi tupu. Justina alilijaza michembe, viazi vitamu vya mwaka jana vilivyokatwa na kukaushwa, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Msalimie mama," akamwambia. Mume hakumtaja.

Pale stendi, gari likikawia, kijana mmoja mgeni alisogea akasimama karibu mno. Mkono wa mzee ukaingia kwenye zipu wenyewe, upande wa kulia, kama ulivyofundishwa. Ukatoka na michembe.

Magige aliitazama, akamgawia kijana kidogo. Wakatafuna kimya kimya, maana michembe ni migumu, haina haraka.