Themosi ya Uji na Kisima cha Gesi

Mume wangu Bedan huzuia maji kwenye visima vya gesi, kule kusini mwa Tanzania. Hapa Buruburu nikisema anafanya kazi ya gesi, watu huniuliza bei ya mtungi, na nimechoka kueleza. Kisima kikizeeka, maji ya chini hupanda yakaifungia gesi njia. Bedan huchanganya dawa, inasukumwa chini, nayo huganda kwa joto la huko kama uji uliolala na kuziba maji.

Kisima cha mwisho kilikufa maji mikononi mwake. Mkubwa wake alimwambia kingine kikifa, asirudi kazini. Ndiyo maana alikuja likizo na kichupa cha dawa ileile aliyoiacha ndani ya kisima kilichofuata. Alikitia ndani ya themosi yetu ya uji ili kipate joto kama la kisimani, akawa anabadilisha maji moto kila baada ya saa mbili. Alhamisi angekipindua. Dawa ikitulia, kisima kifunguliwe. Ikiteremka, imeharibika, itolewe upesi.

Jumatano alienda soko la Burma kununua nyama. Akina mama wa kanisa wakaingia bila hata kupiga simu. Themosi nyingine ilishavunjika, na mimi siwezi kukaa na wageni wanane bila chai. Nilikitoa kichupa nikakiweka kando ya sinki. Tukaimba, tukaomba, tukasengenya kidogo. Nilikikumbuka baada ya saa tatu, kimepoa kabisa. Nikakirudisha na kunyamaza.

Alhamisi asubuhi Bedan alikipindua. Dawa yote ikateremka. Akampigia Jumbe, msimamizi wa kisima.

"Imekataa. Itoeni."

"Mwambie angoje," nilisema. "Jana nilikitoa. Nilitaka themosi ya chai."

Aliirudisha simu sikioni. Afadhali angenifokea.

"Jumbe, msiguse kitu. Kichupa kilipoa. Kosa ni langu. Nipe siku mbili."

"Mkubwa hatakuelewa, bwana."

"Najua."

Siku mbili hizo nilichemsha maji mimi mwenyewe. Jumamosi tulikipindua na dawa haikusogea. Jumbe akafungua kisima, simu ikiwa wazi mezani kwetu. Tulisikia maji. Bedan akafumba macho. Maji yakaendelea kumwagika, halafu yakakatika, ukabaki mvumo mkavu.

"Ni gesi tupu," Jumbe alisema.

Machozi yalimtoka Bedan. Kisha akaiosha themosi, akanikabidhi.

"Pika chai, Mama Kui."