Sweta ya Kikundi

Harufu ya sufu iliyolowa bado inanikasirisha. Leo imetoka kwenye sweta ya mjukuu wangu iliyoanikwa hapo kambani, na mara nikajiona mtoto tena, niko kwenye baraza ya kanisa kule Bura milimani, ukungu umeshuka mpaka mlangoni na kulowesha nyuzi.

Kina mama wa kikundi cha kufuma walinivalisha sweta aliyoifuma mama kwa kipimo changu, wakanigeuza, wakapiga makofi. Joto ndio kwanza lilikuwa linaniingia mabegani.

"Haya, vua," mama akasema. "Uzi ni wa kikundi. Tuifumue, mwenzangu asiyejua kufuma naye ajifunzie uzi huo huo."

"Si ni yangu?"

Alitafuta ncha ya uzi, akanishikisha.

"Vuta wewe, mimi naviringisha."

Nikavuta kwa hasira. Mkono wa kwanza wa sweta uliisha ukiwa bado na joto langu.