Bata Mzinga wa Alhamisi

Kwa siku mbili bata mzinga alilala ndani ya bafu letu, amezama kwenye maji baridi, na mimi nilinawa uso kwenye sinki ya jikoni. Alikuwa ameganda kwa barafu, mgumu kama jiwe la kusagia. Dada yangu aliyetoka Amerika ndiye aliyemweka humo, na kila baada ya muda alipanda ngazi kumbadilishia maji, kama anayehudumia mgonjwa. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimefundishwa kuvumilia, na nimewafundisha wengine. Lakini nyumba zetu hizi za Winson Green, hapa Birmingham, zina bafu moja tu, na uvumilivu nao una mpaka wake.

Ilikuwa Novemba, katika miaka ile ya elfu mbili ambapo watu wetu walikuwa bado wanatafutana duniani kwa kadi za simu. Vita vilipotutawanya kule kwetu Fizi, kando ya ziwa, mke wangu na mimi tulikimbia upande wa kusini tukaishia Zambia. Binti yetu wa kwanza, mwenye miaka minane, alikuwa ameenda kulala kwa dada yangu, na dada yangu akavuka naye ziwa mpaka Kigoma. Walikaa kambini miaka saba. Sisi tulipopata hifadhi Uingereza, binti akaletwa kwetu kwa utaratibu wa kuunganisha familia. Shangazi hakuhesabiwa kuwa familia. Alipelekwa Ohio, peke yake, maana hakujaliwa kuzaa.

Sasa miaka mitano ilikuwa imepita, na ndiyo mara yake ya kwanza kuja kututembelea, kwa majuma matatu. Alifika na masanduku mawili na neno moja mdomoni: Alhamisi. Alhamisi ya nne ya Novemba, alisema, kwao huko watu wote hufunga kazi, hurudi nyumbani kwa wazazi hata kama ni safari ya siku nzima, hula bata mzinga, na kila mmoja mezani husema anashukuru kwa nini. Yeye alitaka tufanye hivyo hapa.

Nilimweleza kwa upole kwamba hapa si kwao huko. Hapa Alhamisi ni Alhamisi. Watu wanapanda mabasi ya Soho Road kwenda kazini na watoto wako shuleni. Tena shukrani tunayo. Kila mwaka kila nyumba katika kanisa letu hupewa Jumapili yake ya kutoa sadaka ya shukrani. Baba, mama na watoto hupita mbele pamoja, baba hutoa ushuhuda, kanisa huimba. Jumapili yetu ilikuwa ileile inayofuata Alhamisi yake. Nilikuwa nimeshamwambia mchungaji kwamba tutapita mbele wote, na dada yangu pamoja nasi.

"Jumapili ni ya Mungu, kaka," alisema. "Sijaikataa. Mimi naomba Alhamisi."

Tatizo lilikuwa binti. Alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Kings Heath, na juma lile walimpa siku moja tu ya mapumziko. Alikuwa ameomba Jumapili, kwa ajili yangu. Akichukua Alhamisi, Jumapili angekuwa anawaogesha wazee wa Kiingereza wakati mimi napita mbele ya kanisa na familia pungufu. Nilipomwambia dada yangu hilo nilidhani jambo limekwisha.

Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho. Alisema Novemba yake ya kwanza Ohio, wazee wawili majirani walimwita kwao. Ilipofika zamu yake ya kushukuru hakuwa na Kiingereza, na hata angekuwa nacho, mtoto aliyemlea alikuwa ameondoka miezi michache kabla. Alilia mbele ya watu asiowajua. Tangu hapo kila mwaka anakaa kwenye meza ya watu wengine.

"Nataka mara moja nikae na mtoto wangu," alisema. "Nijue kama bado nina nafasi kwake, au ilikwisha siku tulipoagana uwanja wa ndege."

Mtoto wangu. Mke wangu alikuwa kwenye sinki. Aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Katika nyumba yetu jambo hili lilikuwa kama msumari kwenye kiatu: kila mtu alijua lipo, tukajifunza kukanyaga pembeni. Binti alipotujia akiwa na miaka kumi na mitano alimwita shangazi yake "mama" kwenye simu, na mama yake mzazi alimwita "mama" pia, lakini baada ya kusita kidogo. Kule kusita mke wangu alikusikia kila mara.

Nilidhani binti atakuwa na busara. Alimpigia msimamizi wake simu, akabadilisha siku. Aliniambia ameshafanya, kisha akaniomba radhi. Watoto wa siku hizi huomba radhi kwa mpangilio huo.

Basi nikatafuta bata mzinga, kwa sababu mgeni ni mgeni. Muuza nyama wa kwanza Soho Road alinicheka. Alisema, mzee, umewahi mno, hao wanakuja Desemba. Wa pili aliniuzia maneno mengi kuhusu kuku. Nilizunguka Handsworth asubuhi nzima kwenye mvua mpaka nikampata mmoja kwenye friza ya duka kubwa, chini kabisa, kama aliyesahauliwa tangu Krismasi iliyopita. Nilimpakata ndani ya basi. Mama mmoja wa Kijamaika aliniuliza ninamwalika nani. Nilimjibu kuwa sijui kwa hakika.

Siku yenyewe hakuingia kwenye oveni. Oveni yetu ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaokula kwa kiasi. Nilishauri tumkatekate tumpike mchuzi, tumalize. Dada yangu alinitazama kama niliyetaka kuchana Biblia. Lazima afike mezani mzima, alisema, ndiyo maana yake. Tukang'oa vyuma vyote vya ndani, tukamweka sakafuni mwa oveni, mlango ukakataa kufunga, nikauegemeza kiti na juu ya kiti nikaweka mfuko wa unga wa muhogo. Alikaa humo tangu alfajiri. Viazi vitamu, ambavyo Mungu mwenyewe aliviumba vitamu, dada yangu alivipaka sukari. Kwa ajili ya nyama alipika matunda mekundu makali mpaka yakawa jamu. Mke wangu, bila kumwambia mtu, alisonga bugali, ugali wetu wa muhogo, na kuchemsha sombe, majani ya muhogo, akafunika kwa taulo.

Tulikaa mezani saa kumi alasiri: sisi wawili, dada yangu, binti, kitinda mimba wetu wa miaka saba aliyezaliwa hapa Birmingham, na mzee mwenzangu wa kanisa, ambaye nilimwalika mimi ili chakula kiombewe ipasavyo. Nakiri kwamba nilimwalika pia ili niwe na mtu wa upande wangu.

Bata mzinga alikuwa katikati, mwekundu, anang'aa. Dada yangu alieleza sheria: kabla ya kula, kila mtu aseme jambo moja analoshukuru. Jambo moja.

Ningejua. Kwetu hakuna Mkristo anayejua kushukuru kwa jambo moja. Kanisani anayetoa shukrani husimama, husalimu, hueleza alikotoka, husoma mistari, huanzisha wimbo, na watu huitikia. Mzee mwenzangu alisimama. Alishika ukingo wa meza kama mimbari. Alianzia kuzaliwa kwake. Alipofika kubatizwa, mvuke juu ya bata mzinga ulikuwa umekwisha. Alipofika vita, mafuta yalianza kuganda kwenye sahani. Alipitia misitu yote, akataja mito kwa majina, akaanzisha wimbo, tukaitikia, maana huwezi kumwacha mtu na wimbo peke yake. Dada yangu alifunika nyama kwa karatasi ya alumini, akafunua, akafunika tena.

Kitinda mimba alipopewa zamu alisema kwa Kiingereza kwamba anashukuru kwa viazi vya sukari, je, anaweza kuvila sasa. Ni yeye tu aliyefuata sheria.

Zamu yangu ikafika. Nilisimama, kwa kuwa sijui kushukuru nikiwa nimekaa. Nilikuwa nimekereka tangu Jumanne, na nilitaka angalau hili nilifanye sawasawa. Nikatoa ule ushuhuda niliokuwa nimeuandaa kwa Jumapili. Nilimshukuru Bwana aliyetutoa vitani. Nilimshukuru Bwana aliyemtunza binti yetu kambini miaka saba bila baba wala mama, akamlisha, akamponya malaria, akamfundisha kusoma.

"Kwa mikono ya nani?" dada yangu aliuliza.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikaendelea kidogo.

"Kaka, nakuuliza. Alimlisha kwa mikono ya nani? Maana mimi nilikuwa nabeba kuni za kuuza, sikumwona mtu mwingine pale."

Mzee mwenzangu alikohoa. Nikakasirika, nasema kweli. Nilimwambia kwamba utukufu ni wa Mungu, hatugawi utukufu kwa wanadamu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na walimu wangu wa shule ya Biblia, na ndivyo nilivyofundisha. Nimetoa ushuhuda huo katika makanisa mengi, na watu wamelia, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mikono.

"Sijaomba utukufu," alisema. "Miaka mitano unanipigia simu. Unaniuliza baridi ikoje. Hujawahi kuniambia asante."

Nilifungua kinywa nimjibu, kisha nikatafuta kumbukumbuni siku niliyomwambia. Lazima ilikuwapo. Nilitafuta uwanja wa ndege siku tuliyompokea binti, lakini yeye hakuwapo pale. Nilitafuta kwenye simu, kwenye barua. Kila mahali nilikuta nimemshukuru Mungu, kwa maneno mazuri, na yeye akiwa anasikiliza.

Aliyesema ni mke wangu. Hakusimama. Alikuwa anatazama mikono yake juu ya meza.

"Wifi, mimi nilinyamaza kwa wivu," alisema. "Alipofika hapa alijua kusuka nywele kwa mtindo wako. Alikunja nguo kama wewe. Nikasema, nikimshukuru huyu, nitakuwa nimekubali kwamba mtoto ni wake. Basi nakubali. Ni wako na ni wangu. Asante."

Binti alikuwa amefunika uso kwa kitambaa cha mkono. Akasema kutoka ndani ya kitambaa, "Mama," na kwa mara ya kwanza sikujua anamwita nani, na wao wawili waliitika.

Mimi bado nilikuwa nimesimama. Hakuna kitu cha kipumbavu kama mzee aliyesimama na ushuhuda ulioishia njiani. Walimu wangu hawakunifundisha la kufanya. Nilisema, "Dada, asante kwa kunilelea mtoto." Maneno hayo hayakuzidi pumzi moja. Sauti yangu haikupendeza, na hapakuwa na wimbo wa kuweka baada yake.

"Haya," alisema. "Keti. Nyama imeshakufa mara ya pili."

Bata mzinga alikuwa baridi, mkavu kama ubao, na ndani karibu na mfupa bado alikuwa na damu. Tulimla upande wa nje. Kisha mke wangu akaleta sombe, na mzee mwenzangu akashukuru tena, safari hii kwa ufupi. Binti alikaa kati ya wanawake wale wawili na akala kutoka sahani zote mbili.

Jumapili tulipita mbele ya kanisa pungufu, kama nilivyoogopa. Dada yangu alisimama kushoto kwangu. Ushuhuda wangu niliutoa uleule, nikabadilisha sehemu moja, nikawaeleza habari za kuni. Baadaye mlangoni mchungaji aliuliza binti yuko wapi, maana nilimwahidi familia nzima. Nilimjibu kwamba yuko kazini, na kwamba shukrani zake alishazitoa Alhamisi. Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mzee aliyeanza kuchanganya siku. Nilichoka kueleza. Nilimpa mkono, nikaenda kumsaidia dada yangu kufunga koti.