Mkono wa Mke wa Fanueli

Wifi yangu Tupokigwe siku hizi anakaa Iringa, na watu wa huko wanamjua kwa vikapu. Wanawake wa Kihehe walimfundisha kusuka milulu, yale majani marefu ya bondeni, naye baada ya miaka miwili akawa anawafundisha wao. Sawa. Lakini mimi nilimjua kabla ya vikapu, tulipokuwa tunakaa mlimani juu ya Iyunga, na kama kuna mtu mwenye haki ya kusimulia habari zake ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwibia. Sikumwibia kuku wala kanga. Nilimwibia sifa zake, miaka tisa, na nilikuwa nazila kwa raha zangu.

Aliolewa na kaka yangu Fanueli mwaka 1947, akitokea kule chini karibu na ziwa. Fanueli alikuwa utingo wa malori ya kwenda Iringa, leo yupo, kesho hayupo, kwa hiyo bibi harusi tuliachiwa sisi. Mrefu, mweusi tii, weusi ule wa kung'aa hata bila mafuta, na haongei. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na mdomo wa mtu wa arobaini. Nilisema kwa sauti, ili asikie, kwamba kaka ametuletea gogo. Alinitazama tu, akaendelea kumenya ndizi.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa ujinga wetu. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Akimsikia anakuja, anafunika kichwa na kuacha njia. Jina lake halitaji. Nyumba aliyomo yeye haingii. Wakristo wengi walikuwa wameanza kulegeza, lakini baba yangu, Mzee Yotamu, mzee wa kanisa, alishika Biblia kwa mkono mmoja na mila kwa mkono wa pili, na hakuona kama vinagombana. Kila akirudi nyumbani alianza kukohoa tangu mgomba wa kwanza, ili mkwe wake apate nafasi ya kuondoka. Kikohozi kile ndicho kilichoniponza.

Mama yangu alifariki mwaka 1948. Mwaka mzima kabla ya hapo Tupokigwe ndiye aliyemuuguza, akimwosha, akimbeba kumtoa nje aote jua. Matanga yalipokwisha, baba akaenda Rungwe kwenye mkutano wa kanisa, siku tatu. Wifi akaniambia, "Nyumba ya msiba haikaliwi hivi hivi, tuikandike upya." Mimi nilidhani tutapaka udongo kama watu wote. Yeye akashuka bondeni, akarudi na udongo mweupe kwenye beseni, na mwekundu, na masizi akayachanganya na utomvu wa mgomba. Brashi yake ilikuwa ubua alioutafuna ncha. Akaanza kuchora ukuta kuanzia juu, mistari juu ya mistari, bila kupima na bila kurudia, na mimi kazi yangu ilikuwa kushika beseni na kuongea.

Siku ya tatu jioni tukasikia kikohozi. Wifi akavuta kanga kichwani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Baba akaingia, akanikuta mimi, beseni mkononi, udongo hadi kwenye viwiko. Aliutazama ukuta muda mrefu sana. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia, hata makaburini hakulia. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Sekela, mwanangu, kumbe mikono ya mama yako imebaki kwako."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi nilinyamaza. Usiku huo huo nilimwambia wifi, nikitegemea atakasirika. Akasema, "Mwache. Moyo wake umetulia, usiutikise." Basi. Nikavikwa kilemba cha ukoka, na kikanikaa vizuri kweli.

Kila mwaka baada ya mavuno wifi alichora upya, baba akiwa safarini, na kila mwaka baba alirudi akanisifu mimi. Alileta wageni kutoka Mbalizi kuja kuona. Posa yangu ilikuja kwa njia hiyo: Alinanuswe, fundi seremala, aliona ukuta kabla hajaniona mimi, na nadhani aliupenda ukuta zaidi. Wifi hakulalamika hata siku moja. Kitu alichokifanya ni kimoja tu, na ndicho kinachonichoma mpaka leo. Jioni, tukichambua maharage, aliuliza, "Baba amesemaje leo?" Nikimwambia amesema pazuri, aliuliza tena, "Pazuri wapi? Juu au chini? Amegusa?" Alitaka neno kwa neno. Na mimi, Mungu anisamehe, siku nyingine nilikuwa nampunguzia. Baba amesema mambo kumi, mimi nampa mawili. Wivu ni ugonjwa mbaya, na mimi nilikuwa namwonea wivu mtu niliyekuwa nimevaa nguo zake.

Mwaka 1957 tukajenga kanisa letu dogo pale mlimani, la matofali mabichi. Wanaume walipandisha kuta na mbao za paa, wanawake tukapewa maji na kukandika. Ukuta wa mbele, nyuma ya meza ya Bwana, tuliambiwa tuupake udongo mweupe basi. Wazee wakaondoka kwenda kutafuta mabati, siku nne. Wifi akasimama mbele ya ukuta ule mweupe, mikono kiunoni, kisha akawauliza wenzake, "Huu tuuache hivi, uchi?" Wanawake wakacheka. Hakuna aliyesema hapana.

Nimeona makanisa mengi tangu hapo, hata yenye vioo vya rangi. Sijaona ukuta kama ule. Wanawake waliokuja na mitungi waliiweka chini na kusahau kuondoka. Bibi mmoja wa Kisafwa, jirani yetu, ambaye hata hakuwa Mkristo, alikaa pale chini mchana kutwa akiutazama.

Wazee waliporudi ikawa shida. Mwalimu Joachim, mwinjilisti wetu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu tu, maana Jumapili mchungaji alikuwa anakuja kutoka Iringa kulifungua kanisa. Akasema mistari kama ile ameiona ndani ya nyumba za unyago, na yeye hawezi kumsimamisha mchungaji mbele ya mambo ya unyago. Ndoo ya chokaa ilikuwa tayari mlangoni. Lakini kwa heshima ya wazee akasema hivi: aliyechora aje, aeleze kila mstari maana yake. Ukielezeka, ubaki. Usipoelezeka, yeye mwenyewe ataupaka chokaa kabla jua halijazama.

Baba akasimama. "Mkono huu naujua. Ni wa binti yangu. Mwiteni Sekela."

Nilikuwa nje na wanawake wengine. Wifi alikuwa karibu na dirisha, ambalo lilikuwa tundu tu. Jina langu lilipotajwa alinitazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka ile niliona ameogopa. Hakuogopa kwa ajili yangu. Aliogopa kwa ajili ya ukuta. Akaninong'oneza, "Nenda uwaambie vizuri, Sekela." Nimwambie nani nini? Miaka tisa nilishika beseni, sikuuliza mstari hata mmoja.

Ndani walikuwapo wazee watano kwenye vigoda. Mwalimu Joachim akauelekeza ufito wake kwenye mstari wa juu. Nikasema, "Huo ni... ni milima." Akauliza, "Milima ipi?" Nikasema yetu. Akashuka mstari wa pili, nikasema ni mahindi. Akaonyesha vitone vyeusi viwili vilivyokaa peke yao katikati, akauliza, "Na hivi?" Niliona baba anavyonitazama, amejaa, ameridhika, na nikaona ndoo ya chokaa. Nikafikiri pia juu ya Alinanuswe na posa yake, nisidanganye. Nikajua nikinyamaza sekunde moja zaidi, ukuta umekwenda.

"Baba, si mimi," nikasema. "Sijui maana yake kwa sababu sikuchora. Amechora mke wa Fanueli."

Baba akauliza polepole, "Na nyumbani?"

"Na nyumbani ni yeye. Tangu mwanzo."

Uso wangu sikujua niuweke wapi. Baba hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alikaa tu, akawa mzee mbele ya macho yangu. Mwalimu Joachim akasema basi aitwe huyo mke wa Fanueli, halafu akakumbuka, wote wakakumbuka, wakabaki wanatazamana. Mkwe ataingiaje hapa? Mzee mmoja akashauri kwa upole kwamba Mzee Yotamu atoke kidogo nje, ataelezwa baadaye.

"Hapana," baba akasema. "Nikitoka nitaambiwa na watu. Nimeambiwa na watu miaka tisa."

Kisha akafanya jambo ambalo sijapata kumwona mwanamume mwingine wa kwetu akilifanya. Siku zote mkwe ndiye anayekimbia, mkwe ndiye anayejifunika, mkwe ndiye anayeacha njia. Baba alinyanyuka, akakishika kigoda chake, akakigeuza, akakaa akiutazama ukuta, mgongo umeelekea mlangoni na umewaelekea wazee wenzake wote. Akajifunika koti hadi masikioni. "Mwiteni," akasema. "Mimi simwoni. Njia ni yake."

Tupokigwe akaingia, kanga usoni, akasimama pale pale mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. Mwalimu Joachim akaonyesha mstari wa juu.

"Hizo pembe ni za bibi yangu," akasema. "Alikuwa mfinyanzi, kule ziwani. Hakujua kuandika. Alichora pembe hizo kwenye shingo ya kila chungu, na popote chungu kilipofika watu walijua ni cha nani. Ndilo jina lake."

"Lakini hizi nimeziona kwenye unyago," mwalimu akasema.

"Umeziona, mwalimu, kwa sababu kule pia ni yeye aliyechora. Alikuwa na mkono mmoja wa kuchorea. Na wewe nyimbo za hapa unaziimba kwa koo lile lile ulilokuwa unaimbia ngoma."

Wazee wawili walicheka, wakajizuia. Mwalimu Joachim naye akatabasamu, maana ujana wake alijulikana kwa ngoma. Akashusha ufito. Wifi akasema mstari wa pili ni wa mama yake mzazi, ni maji, ni mto aliouvuka akiwa amembeba yeye mgongoni mwaka wa njaa. Vile vitone viwili vyeusi havikuhitaji ufito. "Hao ni watoto wangu," akasema. "Wale wawili niliowazika. Nimewaweka hapa kwa sababu hapa ndipo tutakapokuwa tunawaombea." Nilikuwa nimewabeba watoto wale mgongoni mwangu, na nilikuwa nimesimama mbele yao bila kuwatambua.

Ukabaki mstari wa chini kabisa, alama ndogo ndogo nyekundu, mbili mbili, moja imenyooka na nyingine imevutwa kidogo pembeni, kutoka ukuta hadi ukuta. Mwalimu hakuuliza tena. Ni baba aliyeuliza, akiwa ameugeukia, pua yake karibu kuugusa. Hakumuuliza yeye. Alisema, "Sekela, muulize mke wa Fanueli, hizi ni nini?"

Sikuhitaji kurudia swali. Wifi akajibu, "Mwambie baba kwamba hizo ni nyayo za mama mkwe. Njia yake ya kisimani. Alikuwa anavuta mguu wa kushoto."

Mwalimu Joachim alitoka nje, na tukasikia anamwaga chokaa kwenye majani. Wazee wengine wakamfuata mmoja mmoja. Baba alibaki. Alinyoosha kidole, akakipitisha juu ya nyayo zile, hatua kwa hatua, mpaka mkono ulipofika mwisho. Nilidhani atanituma tena mimi. Kisha akasema mwenyewe, akiuambia ukuta, neno letu la shukrani, neno la kwanza alilowahi kumwambia mke wa mwanawe tangu aolewe.

"Ndaga, mama."

Tupokigwe alipiga magoti pale mlangoni, akapiga makofi taratibu kama inavyotakiwa, kanga yote imelowa machozi. Nami nilisimama katikati yao. Nilikuwa nimepokea ndaga za baba miaka tisa, na hakuna hata moja aliyowahi kuitamka hivyo.